Kozi Inayorudisha Mtoto Nyumbani

Pale Bombambili, Songea, kati ya fundi baiskeli na duka la pembejeo linalofunguliwa msimu wa mbolea tu, kuna benchi la mbao za mlingoti ambalo wenyewe wanaliita Seneti. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, ukimwacha Otto ambaye aliwahi kushusha mahindi kwenye jiko la chuo fulani huko Iringa, akarudi na msamiati. Lakini ukitaka shahada ya jambo lolote chini ya jua, hapo unatunukiwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Kahawa anaichemsha Mama Walburga, buni ya Mbinga, chungu kweli kweli, na haoni kwa nini auze kahawa bila kuchangia hoja. Seneti ina sheria moja: kozi haijadiliwi mpaka aletwe shahidi, yaani mtoto wa mtaa huu aliyeisoma, jina lake na mahali alipo sasa. Jumatatu hiyo, mnamo saa tisa alasiri, Kassian seremala alikuja na kozi isiyokuwa na shahidi.

— Takwimu bima, alisema, akapuliza kahawa ambayo haikuwa ya moto kiasi hicho.

— Takwimu nini? aliuliza Otto.

— Bima. Chuo kikuu, Dar, miaka mitatu. Dorine kachaguliwa. Halafu kachaguliwa pia stashahada ya kilimo, hapa hapa, chuo cha barabara ya Namtumbo. Cha kilimo nafasi zipo mpaka mwezi ujao. Hicho cha Dar mwisho wa kuthibitisha ni leo saa kumi na mbili jioni, asipothibitisha anapewa mwingine. Sasa nimekuja mnisaidie kupima.

Aliyasema hayo bila kumtazama mtu. Ukweli ni kwamba hakuja kupima, alikuja kuungwa mkono. Dorine, binti yake wa mwisho, aliomba chuo kwa namba ya simu ya baba yake kwa kuwa simu yake mwenyewe ilikuwa imekufa wakati ule. Namba ya siri ya kuthibitishia nafasi ya Dar iliingia kwa meseji Alhamisi, ikamkuta Kassian anapiga randa mlango wa watu. Akaisoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni. Jioni Dorine akauliza, "Baba, hakuna meseji?" Akajibu, "Hakuna, mama." Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi na Jumapili hivyo hivyo. Mwongo wa siku moja anaweza kujisamehe, lakini huyu alikuwa wa siku nne.

Otto alikwisha kutoa kalamu sikioni. Wanamwita Magunia, maana hajui kipimo kingine.

— Kilimo, hapa nyumbani, anakula kwako, analala kwako: magunia kumi na mawili ya mahindi kwa mwaka. Dar, ada, hosteli, chakula, nauli, na mtoto wa kike ana mambo yake: magunia hamsini. Zidisha mara tatu. Mia na hamsini! Kassian, hizo ni fuso mbili zinaondoka Mpitimbi zimejaa, hazirudi na kitu.

— Kuna mkopo wa serikali, alisema Mama Walburga.

— Mkopo ni gunia la kuazima. Litarudi kudaiwa na pumba zake.

Mzee Pankrasi akakohoa. Huyu ndiye Katekista, alifundisha komunyo ya kwanza miaka kumi na minane mpaka alipogombana na paroko kuhusu methali.

— Tusiangalie ada tu, ndugu zangu, tuangalie soko. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vijana wa siku hizi hawasikii kabisa. Kwa hiyo hela iko kwenye udaktari wa mifupa.

— Binti hakuchaguliwa mifupa, Katekista.

— Nasema soko.

— Shahidi! alidai Otto. Takwimu bima nani kaisoma hapa mtaani?

Shahidi hakupatikana, wakakubaliana kuipima kwa jirani zake, yaani kozi nyingine zenye hela. Akatajwa Eric, jiolojia, yuko Geita kwenye dhahabu, kawajengea wazazi nyumba ya vigae na chumba chake mwenyewe ambacho hajawahi kukilalia. Akatajwa Natalia, ufamasia, yuko Mwanza, ana maduka mawili ya dawa.

— Na Mathias wako, kompyuta, Arusha, alisema Mama Walburga. Baba Mathias, wewe shahidi unaye ndani. Si yule anatuma kila mwezi?

— Anatuma, alisema Kassian.

Anatuma, ndiyo. Televisheni ukutani ni yake, umeme wa jua ni wake, bati jipya ni lake. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yake, Kunegunda, miaka sita iliyopita, akakaa siku mbili. Kassian bado huwa anamwekea Mathias kando kipande cha paja akichinja kuku, kisha anakumbuka na kukila mwenyewe.

— Hasara sasa, aliendelea Otto. Leticia, ualimu. Miaka mitano hana ajira, anauza vitumbua kwa mama yake. Na Saimon, kilimo hicho hicho, chuo hicho hicho. Yuko wapi? Kwao! Analima shamba la baba yake kwa jembe lile lile alilolikimbia.

Wote walicheka, ila Kassian. Yeye aliona kwamba hao wawili wako nyumbani. Jana tu alipita kwa kina Saimon, akamkuta kijana anamshikia mama yake ngazi apange mahindi darini, wanabishana kuhusu panya. Kubishana na mtoto wako kuhusu panya! Kassian alisimama pale njiani muda mrefu kuliko inavyopasa, na roho ikamuuma kwa wivu.

— Saimon ana ubaya gani? alisema ghafla. Anakula, anavaa. Mama yake akiugua usiku, yupo. Mimi naona kilimo kina heshima yake. Ndiyo nasema hivi, hiyo takwimu bima hata hatuijui.

— Mimi naijua, alisema Katekista. Redioni walieleza. Wanapiga hesabu watu wa umri fulani watakufa lini, ndipo kampuni ya bima ijue imtoze nani kiasi gani.

Benchi likachangamka. Kahawa ikaongezwa.

— Kumbe! alisema Otto. Basi huyo hahitaji kuajiriwa. Anakaa stendi na daftari, anawauzia wachonga majeneza orodha ya mwezi ujao. Gunia kwa jina.

— Jimbo litamchukua, alisema Katekista. Misa za wafu zipangwe mwaka mzima mapema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nyie, mtu anayejua tarehe hizo hawezi kuachwa atembee, alisema Mama Walburga. Serikali itamficha. Atapewa nyumba yenye geti na walinzi, mboga analetewa.

— Faida kubwa ni yako, Kassian, alimalizia Otto, akimpiga begani. Atajua siku yako! Siku moja kabla, huyo anashuka stendi na begi lake. Hapotezi likizo bure.

Walicheka mpaka fundi baiskeli akaacha tairi lake kuangalia. Kassian naye alicheka, kwa kuwa usipocheka Seneti wanajua wamekupata. Lakini kikombe alikiweka chini kwenye mchanga.

Hapo ndipo alipofika kijana wa ardhi. Azizi, mpima viwanja, amehamia Songea mwezi wa pili huu, anapenda kahawa ya Mama Walburga na hupita kila akitoka kazini.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Kaa, alisema Katekista. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu ana shahada, atupimie. Kilimo cha hapa nyumbani au takwimu bima ya Dar? Mmoja aliyesoma kilimo ni Saimon, yule mwembamba anayeleta maziwa hapa. Alirudi kwao.

Azizi alimjua Saimon. Alinywa kidogo, akauliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia:

— Alirudi kwa kuwa alipenda, au alikosa pa kwenda?

Otto alimtazama Katekista. Katekista alimtazama Mama Walburga, ambaye Saimon humletea maziwa kila alfajiri, na wote hao hunywa naye kahawa hapo hapo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kassian alihisi aibu inampanda shingoni. Aliwaza Dorine ameshika ngazi ile, uso umegeukia ukutani. Angekuwepo nyumbani, ndiyo. Angekuwepo kila siku.

— Kwenu wapi, mwanangu? alimuuliza Azizi.

— Kondoa, mzee.

— Ulikwenda lini mara ya mwisho?

— Mwaka wa tatu huu. Lakini natuma kila mwezi, alhamdulillahi.

— Mzee wako anasemaje?

— Akipokea anasema asante. Basi.

— Hajawahi kukuambia njoo?

Azizi alifikiri kweli kweli.

— Hajawahi. Mimi najua hela ndiyo inamsaidia. Angesema njoo, ningekwenda.

Kila mwisho wa mwezi, miaka sita, simu ikilia Kassian humjibu Mathias neno moja: asante. Akidhani mtoto atasikia mengine yote yaliyo nyuma yake. Akaingiza mkono mfukoni, akampa Azizi simu.

— Kuna meseji hapa ya chuo. Sijui kuihamisha. Mtumie Dorine, namba yake mpya ipo.

Azizi alibonyeza, akasita.

— Mzee, hii ni ya Alhamisi.

— Tuma.

Otto aliirudisha kalamu sikioni. Mama Walburga alisema "Baba Mathias wewe," kwa sauti ndogo, akaacha hapo. Haikupita dakika mbili simu ya Kassian ikaita, na Azizi, akitaka kuikata sauti, akaifungulia spika bila kujua, wote wakasikia.

— Baba! Namba! Namba imekuja! Baba, imeingia sasa hivi?

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Isingekuwa mara ya kwanza mtandao wa Songea kusingiziwa, na benchi zima lingemlinda. Katekista alifungua mdomo kumsaidia, methali ikakosekana.

— Hapana, mama. Iliingia Alhamisi.

Upande wa pili zilisikika kelele za duka la intaneti.

— Nimelia siku nne, baba.

— Najua. Nilikuwa nakusikia.

— Unanisikia, halafu unaniambia hakuna?

— Ndiyo. Nilikosea sana, mwanangu, alisema mbele ya watu, mzee mzima. Mimi nakutaka hapa, Dorine. Nenda ukasome, nitauza hata mashine ya kuranda, nenda. Lakini ujue kwamba nakutaka hapa. Na kaka yako namtaka hapa. Sijawahi kuwaambia.

Alimsikia anapumua. Alimsikia anajipangusa pua, kama alivyofanya tangu mdogo, kwa mkono wa nguo.

— Saa inakwenda, baba. Ngoja nithibitishe kwanza. Nitakupigia.

Simu ikakatika.

Mama Walburga aliinamisha birika kwenye kikombe cha Kassian, likatoa mashapo tu. Azizi aliaga, akaondoka kwa miguu, si upande wa kwake bali wa stendi ya mabasi. Otto akasema ana mzigo unamsubiri sokoni. Katekista alikaa na Kassian kidogo, akamgusa goti, naye akaenda kusali rozari. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita, fundi baiskeli akafunga kibanda, na Kassian alikuwa bado benchini, simu juu ya kiganja, anasubiri kupigiwa.