Nyumba ya Nikodemo Haijafagiwa

Benchi letu liko juu kidogo ya stendi ya Lushoto, pale malori ya kabichi kutoka Malindi ya huku milimani yanapogeuzia. Mwenye birika la kahawa ni mimi, kwa hiyo upuuzi wote wa mji huu hupitia masikioni mwangu kwanza. Jana jioni Loveness, binti wa mzee Nikodemo, alipanda ndege Dar kwenda kusoma Toronto. Kwao msafiri akiondoka, nyumba haifagiwi mpaka afike. Ukifagia, unamfuta njiani. Leo mzee kaja na maganda ya maharage mpaka kwenye soksi, na bado anaringa!

— Kilomita elfu kumi na mbili na ushee! Nani hapa ana mtoto wa umbali huo?

— Anafika lini, mzee? — nikamuuliza, namjazia kikombe.

— Leo leo. Hesabu ninayo kichwani.

Issa akaangua kicheko. Tunamwita Kona, maana anaendesha Noah ya abiria ya Mombo, barabara ya kona tupu.

— Leo? Acha masihara, mzee. Mombo hadi hapa kilomita thelathini na kitu, natumia saa nzima. Piga hesabu. Huyo ni wiki mbili na zaidi!

— Angani hakuna kona, Kona, — mzee akamjibu.

— Umepita lini wewe? Na milima je? Lazima waizunguke, breki zipoe.

Sefania, ambaye ndiye Redio wetu, akameza kashata haraka.

— Hamjui kitu nyie. Ndege haiendi popote. Inapaa, inatulia. Dunia ndiyo inazunguka. Toronto ikifika chini yake, wanashuka.

— Sasa nauli ya nini? — Kona akauliza.

— Ya kupandia, na chai. Kushuka bure.

Tulicheka mpaka lori likatupigia honi.

— Halafu kule saa ziko nyuma, — Redio akakoleza. — Sisi tunakula mchana, wao hawajaamka. Mtoto anaweza kufika kabla hajaondoka. Pengine kafika juzi!

— Juzi alikuwa kwangu, anapanga begi, — alisema Nikodemo. Hakucheka.

Mara mkewe huyo, Yunis, ufagio mkononi.

— Shikamoo, mama, — nikamwamkia.

— Marahaba. Baba Loveness, jumuiya ya kanisa inasali kwetu leo, na wenzetu wa Shume wameshafika. Nifagie au nisifagie?

Kona akageukia matairi ya lori. Redio akajifanya anahesabu kashata zilizobaki. Nikodemo akatoa simu, akaitazama, hamna ujumbe, akairudisha mfukoni. Jamani, nilimwonea huruma.

— Usifagie, — akasema kwa sauti ndogo. — Tutasalia uani.

— Uani watakaa juu ya nini?

Kisha Kona akainuka, akashika benchi upande mmoja.

— Redio, shika huko.

Mimi nikabeba birika.