Bernadine Cieslak, Mtunza Fungu la Uendeshaji

Marehemu Bernadine Cieslak alizaliwa tarehe 9 Novemba 1960 katika shamba la viazi la baba yetu, wilaya ya Portage, jimbo la Wisconsin. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mimi, Casimir, ninayewasomea. Aliagiza nisome mimi, na marehemu hakuwa mtu wa kuagiza jambo mara mbili.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari hadi mwaka 1978. Sista mmoja alimlalamikia mama, "Binti yako ananisahihisha hesabu." Mama akamjibu, "Hata mimi ananisahihisha, Sista. Utazoea." Alihitimu uhasibu katika chuo kikuu cha jimbo mwaka 1982. Mwaka uliofuata chuo hicho kikamwajiri, na hakutoka tena.

Kazi yake naomba niieleze. Serikali kuu ikimpa mtafiti ruzuku, huongeza fungu la kuendeshea jengo: umeme, maji, kuzoa taka za maabara, mishahara ya sisi tunaowasha boila, mtambo wa kupasha jengo joto. Bernadine ndiye aliyelitunza fungu hilo, na watafiti walimwona mwizi. Siku moja Profesa Lindgren, mtafiti wa mimea, alimfokea, "Bi Cieslak, pesa zote hizo mnafanyia nini?" Dada akamshika mkono, akamteremsha mpaka kwangu chini ya jengo. "Tunamlipa huyu. Anaitwa Kaz. Akisinzia Januari, miche yako yote inaganda." Profesa akavuta kiti, akakaa nami saa nzima akiuliza maswali.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Roland Cieslak, dereva wa lori la maziwa. Walijaliwa binti mmoja, Paulette. Roland alinunua nyumba ndogo ziwani ili wastaafie huko. Kila alipomkumbusha, Bernadine alimjibu, "Mwakani, Rolly."

Machi mwaka huu serikali ililiwekea ukomo fungu hilo la uendeshaji. Tulikuwa tukipata dola hamsini kwa kila mia ya utafiti. Sasa zisizidi kumi na mbili. Marehemu aliagizwa aandike kazi kumi na moja za kufutwa. Kwenye boila angebaki mtu mmoja, mimi au Duane Prust, na Duane alinitangulia kazini kwa miezi mitano; aliyeajiriwa mwisho ndiye hutoka kwanza. Haya mengine Roland amenisimulia juzi tu. Bernadine alimwendea mkuu wake akamwambia, "Yule ni mdogo wangu. Mpe mtu mwingine aandike." Akajibiwa, "Nani mwingine anayezijua hesabu hizi?" Akajaribu kunihamishia kwenye ruzuku ya Lindgren. Kanuni zikamkatalia, maana joto la jengo zima haliwezi kuwa gharama ya utafiti mmoja.

Barua ya kunifuta kazi aliniletea mwenyewe. "Kaz, nimehangaika kila mahali," alisema. Nikamjibu, "Ungeandika jina lako." Nilimnunia miezi saba, simu zake nikiziangalia zikiita.

Aprili tumbo lilianza kumuuma. Aliahirisha vipimo mara mbili, kwa kuwa alitakiwa kuandika orodha ya pili. Juni akaambiwa ni saratani ya kongosho. Angeandika jina lake kama nilivyomwambia, bima ya matibabu, inayolipwa na mwajiri, ingekatika siku hiyo hiyo. Basi akafanya kazi kitandani, kompyuta mapajani. Nesi alimsihi, "Mama, funga hiyo upumzike." Akamwambia, "Nikiifunga hii, mwanangu, hapa ndani sina haki hata ya shuka."

Tarehe 12 Oktoba Paulette alinipeleka hospitali kwa nguvu. Bernadine alinitazama kutoka juu hadi chini. "Umenenepa. Nani anakulisha?" Nikasema najipikia mwenyewe. "Basi umepunguza chumvi," akasema, akatabasamu. Alifariki Jumanne tarehe 21, saa kumi na moja alfajiri, Roland akiwa kando yake.

Marehemu ameacha mume, Roland, binti, Paulette, na mdogo wake, Casimir, aliyepata dakika arobaini kando ya kitanda chake za kuomba radhi, akazitumia kuzungumzia bei ya viazi.

Ulibanwa kila upande, dada, na upande mmoja nilikuwa mimi. Nisamehe. Pumzika sasa kwa amani.