Miaka Thelathini na Minane Mezani pa Baruti: Bibi Arlys Nygaard

Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, Bibi Arlys Nygaard atavua aproni yake ya turubai na kustaafu, baada ya kuitumikia Karakana ya Bunduki ya Pruett, hapa Coulee Bend, Montana, kwa miaka thelathini na minane. Katika muda wote huo alikosa kufika kazini siku sita. Nne kati ya hizo zilikuwa za dhoruba ya theluji, na hata hizo alizilalamikia.

Alianza mwaka 1987 akiwa mpokeaji wa wateja. Mwezi wake wa tatu, marehemu Mzee Pruett alimkuta amepanga juu ya kaunta maganda matupu mia mbili ya risasi, makundi kwa makundi, kufuata uzito.

"Nani amekutuma?" akauliza mzee.

"Hakuna. Yalikuwa hayafanani, yakawa yananikera."

Wiki iliyofuata alihamishiwa meza ya kujazia risasi, na hakuondoka tena hapo.

Kwa ajili ya jamaa watakaosoma jarida hili na hawajawahi kuingia chumba cha nyuma, ni vyema kueleza kazi yenyewe. Bunduki ndogo za huku kwetu, za kuwindia mbweha na panya wa nyanda, zina tabia ya farasi: kila moja ina lishe yake. Mbili zilizotoka kiwandani siku moja hazikubaliani baruti. Bibi Nygaard huanza na kipimo cha chini, hujaza risasi tano, huenda uwanjani, huzipiga kwenye karatasi. Kisha huokota maganda na kuzitazama fataki zake, vile vifuniko vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti, kwa kioo cha kukuzia, moja baada ya nyingine, kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa. Akiridhika, huongeza baruti kidogo mno. Ungewekewa kiganjani usingeiona. Bunduki ikionyesha dalili ya kuelemewa, hurudi nyuma siku hiyo hiyo, bila ubishi. Hatimaye hukizamisha kichwa cha risasi ndani ya ganda au kukitoa nje kwa unene wa unywele, mpaka bunduki yenyewe iseme basi. Kazi hiyo huweza kuchukua wiki tatu. Hatujapata kumwona akiiharakisha.

Bwana Orval Kittelson, mfugaji wa kondoo wa Willow Creek, alimletea bunduki ya marehemu kaka yake akiwa amekwisha kuikatia tamaa. Siku ya majaribio ya mwisho watu saba tulikuwa uwanjani. Bibi Nygaard alipiga mara tano, yadi mia moja, kisha Orval akaenda kuileta karatasi. Aliigeuza mbele na nyuma.

"Arlys, nyingine nne zimekwenda wapi?"

"Hesabu maganda, Orval."

Yalikuwa matano. Tundu lilikuwa moja, na lingefunikwa na kifungo cha shati. Nakumbuka kwamba hakuna aliyecheka. Tulivua kofia, wazee wazima, tukasimama kwenye upepo tukiitazama ile karatasi.

Sheria zake mezani zilikuwa chache, na hazikuwa na msamaha. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mezani kopo moja tu la baruti. Kazi ikiisha, baruti iliyobaki kwenye mashine ya kupimia hurudishwa ndani ya kopo lake, kopo hurudishwa kabatini, ndipo lingine hutolewa. Kila jioni alikuwa akiyapima makopo yote kwenye mizani. Tulimtania sana. "Mama, unaogopa panya watakula baruti?" Naye hujibu, "Panya hawanitii wasiwasi. Nyinyi ndio mnaonitia."

Aprili 2003 mfanyakazi mmoja, mtu mzima aliyepaswa kujua, alikuwa na bunduki mbili za kuhudumia, akaweka makopo mawili mezani ili asipoteze muda. Baruti hizo mbili zote ni za kijivu. Kwa macho matupu hazitofautiani. Moja huwaka polepole, nyingine huwaka kwa kishindo. Aliirudisha ile kali ndani ya kopo la ile ya polepole, na kutoka kopo hilo akajaza risasi sitini za Orval. Bibi Nygaard hakuwapo alasiri hiyo. Alikuwa kanisani akiandaa chakula cha msiba. Orval alipita jioni, akachukua risasi zake, akaenda.

Asubuhi Bibi Nygaard aliyapima makopo kabla ya kuvua koti. Moja lilikuwa jepesi kuliko lilivyopaswa, na jirani yake zito. Hakuuliza mara mbili. Kopo lile zito ndilo lililojaza risasi za Orval, kwa hiyo alipiga simu Willow Creek, akajibiwa na mke wa Orval: mbweha amekwisha kuchukua wanakondoo wawili, mume wake ametoka na bunduki tangu kulipokucha, yuko kilimani, hana simu.

Ni maili arobaini na tatu za kokoto, na theluji ilikuwa inayeyuka. Aliyekosea ndiye aliyeshika usukani, kwa sababu Bibi Nygaard alimwamuru hivyo. Njia nzima alisema maneno haya tu: "Endesha. Kulia utalia kesho."

Tulimwona Orval kutoka barabarani, amelala kifudifudi ukingoni mwa kilima, shavu juu ya kitako cha bunduki. Mbweha alikuwa wazi kabisa bondeni. Bibi Nygaard aliinama upande wa dereva, akaikandamiza honi kwa mikono miwili, hakuiachia. Mbweha akatoweka. Orval akashuka mbio.

"Arlys! Una wazimu wewe mama? Siku tatu namvizia huyo! Siku tatu!"

"Toa risasi chembani, Orval. Kifyatulio usikiguse."

"Kwanza niambie..."

"Toa kwanza. Halafu unitukane, nitasimama hapa nikusikilize."

Aliitoa. Kisha alimtukana kwa dakika kumi, na Bibi Nygaard alisimama akasikiliza, kama alivyoahidi.

Karakanani alizifungua zote sitini, akaimwaga baruti ya kila moja juu ya karatasi nyeupe, akaitazama kwa kioo. Arobaini na tisa zilikuwa safi. Kumi na moja zilikuwa na mchanganyiko. Iliyozidi zote ni ile aliyoitoa Orval chembani, iliyokuwa tayari kufyatuliwa: zaidi ya nusu ilikuwa baruti kali. Bunduki ile ingepasuka sentimita chache kutoka jichoni mwake.

Kwa Orval na kwa mwajiri alisema neno moja tu: "Karakana ilikosea." Kwa aliyekosea alisema, "Kesho saa mbili uwe hapa. Utazijaza upya zote sitini, mimi nitakaa nikuangalie." Alikaa. Ilipokwisha ya sitini, akasema, "Haya."

Bwana Kittelson atakuwa nasi ukumbini Ijumaa kwenye sherehe ya kumuaga Bibi Nygaard, akiwa na macho yake yote mawili. Kwa karibu miaka ishirini na miwili amekuwa akimwuliza Bibi Nygaard ni nani aliyeijaza risasi ile, na hajapata jibu. Si haki mwanamke huyu astaafu akiwa amebeba siri isiyo yake. Bwana Orval, mkono ule ulikuwa wa mwandishi wa maneno haya. Nilipaswa kukuambia mwenyewe, zamani. Nisamehe.

Bibi Nygaard, wengi watakushukuru kwa shabaha zao. Mimi nakushukuru kwa kuwa asubuhi ile ya pili ulinivutia kiti mezani badala ya kunionyesha mlango wa kutokea. Sisi sote wa karakana tunakuombea mapumziko ya amani, afya, na miaka mingi yenye heri.