Rafu ya Dirishani Haibebwi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, wanangu wanafunzi, na wewe Bibi, mama yake Mwenyekiti, uliyekataa kiti cha mbele kwa sababu, umesema, masikio yako bado hayajastaafu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeambiwa mkutubi anayeaga aseme machache, ashukuru, achukue zawadi, akapumzike. Nitashukuru. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, nami si mtu wa kwenda nalo nyumbani.

Kesho asubuhi, kwa amri ya Bodi, rafu ya dirishani katika maktaba yetu itabebwa, na vitabu vyake vitafungiwa stoo. Ni riwaya za watu wanaosali na bado wanakosea, wanaoamini Jumatatu na kuyumba Alhamisi, watu wa dini wenye wivu na walevi wenye huruma. Tumeambiwa zinawafundisha watoto kumtilia Mungu shaka. Mheshimiwa, kwani watoto walingoja kitabu? Nani kati yetu hapa hajawahi kupiga magoti huku moyo umenuna?

Bodi iliunda kamati ivichunguze, na kamati ilifanya kazi, sitaisingizia. Kila mjumbe alipoona ukurasa wa hatari aliukunja pembe ili wakaujadili kikaoni. Wakajadili, wakalaani, wakavirudisha vitabu, ila wakasahau kuzikunjua zile pembe. Basi wanafunzi wa darasa la mwisho, ambao nimewabembeleza wasome hata tangazo la mtihani, walijaa maktaba wakienda moja kwa moja kwenye kurasa zilizokunjwa! Na kwa kuwa ukurasa mmoja hauelezi mtu amefikaje hapo, ikabidi waanze mwanzo. Waheshimiwa wajumbe, sijapata kuwa na wasaidizi hodari kama ninyi.

Tumecheka, lakini linalofuata si la kuchekesha. Mwalimu wa hesabu, tunayemwita Sifuri kwa ukarimu wake wa kuzigawa, ameniruhusu niliseme. Alipofiwa na mkewe tulimwendea, mimi nikiwemo, tukamwambia ajikaze, Mungu anajua. Akajikaza mpaka akawa mkavu kama ubao, na kusali akaacha. Siku moja akachukua kwenye rafu ile hadithi ya mhubiri anayemzika bintiye, anayesimama kaburini mbele ya waumini wake na kukataa kusema amina. Ukurasa huo nao umekunjwa, kamati haikuukosa. Mwalimu alikirudisha kitabu macho yamemwiva, akaniambia, "Dada, kumbe hata yeye alimkasirikia Mungu. Na bado alikuwa anaongea naye." Wiki ileile alirudi kusali. Hakurudishwa na sisi tuliomwambia ajikaze.

Sasa niambieni, tunamlinda nani kwa kufuli la stoo? Mungu? Ameomba ulinzi lini? Au tunajilinda sisi wenyewe, tusije tukaonekana tulivyo? Mimi ni mtu wa kusali. Majirani zangu watawaambia, maana nasali kwa sauti hadi wanalalamika. Na amri hii naikataa. Naikataa mchana kweupe, mbele yenu, na kama mnataka kuichukua tena zawadi yenu, ile pale mezani, sijaifungua.

Basi sikieni nilichofanya. Mlangoni mwa maktaba imebandikwa kanuni ya Bodi yenyewe, yenye saini ya Mwenyekiti: kitabu kilichoazimwa hakichukuliwi mkononi mwa msomaji, na mtu yeyote, mpaka muhula mpya uanze. Mliiweka kwa sababu walimu walizoea kuwanyang'anya watoto vitabu, na ni kanuni nzuri, nimeitii miaka yote. Wiki hii nimeazimisha rafu nzima. Kesho wabebaji watakuta mbao na vumbi, na vumbi nawaachia bure.

Mlio navyo, viinueni juu. Msiogope, inueni! Naona wazazi. Naona wanangu kule dirishani. Mwalimu Sifuri, nakuona. Mheshimiwa Mwenyekiti, geuka taratibu usije ukateguka shingo: kile cha mhubiri kiko nyuma yako, mapajani mwa mama yako. Unasemaje, Bibi? Hujakimaliza? Umemsikia, Mheshimiwa. Hajakimaliza. Nenda ukamnyang'anye wewe.

Wapendwa, muhula ukianza virudisheni, kama kanuni inavyosema, halafu viazimeni tena siku hiyohiyo, chai ya asubuhi ikiwa bado ya moto. Sitakuwepo kuwakumbusha, na hilo linaniuma kuliko kustaafu kwenyewe. Nilichoweza ni kukiokoa kila kitabu kwa likizo moja tu. Likizo zinazofuata ni zenu.

Nawashukuru kwa kunivumilia, nawashukuru kwa kunipa kazi niliyoipenda, na asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa. Sasa shusheni mikono, mfungue vitabu.