Anayefanana na Mwenzake

Ndani ya teksi ya kutoka Malvern, kibasi cha abiria, mbele yangu walikaa watu waliojuana njiani: Héritière, msusi wa Bukavu, na Duni wa Tanga, mlinzi wa kamera za duka. Héritière alikuwa anakwenda mochwari kuitambua maiti. Picha walishamtumia.

"Huyu maiti anafanana na yaya yangu, kaka yangu mkubwa," akasema. "Lakini nikimuwaza yaya mwenyewe, yeye hafanani na huyu. Niseme nini, papa?"

"Dada, kamera zetu hazina shida hiyo. Zinapima macho, pua, kidevu, zinatoa namba. Uanzie kwa huyu, uanzie kwa yule, namba ni ileile."

"Namba hiyo ilishamuona yaya akicheka?"

Duni akaomba simu. Mimi nikajifanya naangalia robot, taa za barabarani, shingo ikirefuka yenyewe. Akaitazama picha, akajishika kidevu polepole.

"Eish. Dada, mbona huyu anafanana na mimi?"

Héritière akamkagua kama anampima suti.

"Hapana, papa. Wewe ndiye unafanana na yeye."

Teksi ikasimama, mama aliyekaa upande wa pili wa Duni akashuka. Abiria aliyepanda akakiangalia kiti kitupu kando ya Duni, akamtazama Duni usoni, akaja kubanana na mimi.