Mwepesi wa Machozi, Bila "Lakini"

Waombolezaji wapendwa, marehemu Mzee Johana Kipkirui alizaliwa mwaka wa 1938 huko Chepseon, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na Desemba 1954 akatahiriwa, akasimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na wazee wa rika lake walioketi hapa ni mashahidi.

Tarehe 14 Aprili 1962 alimwoa Elmina Chepngeno, wakahamia hapa karibu na Kaplong, wakajaliwa watoto watano, kifungua mimba akiwa Chepngetich, na baada ya kuchuma chai ya wenyewe kwa miaka mingi akapanda yake, hata mwaka wa 1989 wakulima wakamchagua kwenye kamati ya kituo chetu cha kununulia majani chai.

Tarehe 7 Machi 1994 karani wa mizani alimwaga chini kikapu kizima cha mjane Bochaberi, eti majani yamekomaa mno hayafai kununuliwa, na Mzee Johana akapiga magoti akayaokota huku machozi yakimtiririka, kisha akasimama akadai yakaguliwe upya, yakakaguliwa, yakapokelewa. Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa kamati aliita mkutano akasema, "Huyu mzee ni mwepesi wa machozi, na hii kiti inataka mwanaume," mikono ikainuka, kura ikamtoa kwenye kamati, na mingi ya mikono hiyo iko hapa leo. Tangu hapo neno hilo likawa jina lake sokoni, na juzi kamati ya mazishi ikatuandikia katika rasimu ya wasifu huu kwamba alikuwa mwepesi wa machozi, lakini mtu mwema.

"Lakini" ya nini? Familia imekasirika na imeifuta, kwa sababu mzee huyu hakuwahi kujililia mwenyewe hata siku moja, na kwake neno hilo lilikuwa na maana ya mtu ambaye shida ya jirani haikuhitaji kumbishia hodi mara mbili.

Mwaka wa 1996 saratani ya koo ilimshika, akalazwa hospitali ya Kaplong, akavumilia maumivu kimya, na Mama Elmina alimwona akilia mara moja tu, kwa ajili ya mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hakuna aliyekuja kumwona. Alituacha Jumanne, tarehe 12 Agosti 1997.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wakulima wenzake, na Bochaberi, aliyechuma chai yetu muda wote wa ugonjwa. Tunamshukuru na mwenyekiti kwa kufika, na kitambaa alichoshika machoni tumekiona. Lia tu, Bwana Mwenyekiti, leo hakuna kura.

Pumzika kwa amani, Mzee Johana.