Kifuniko Hajakombolewa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa madiwani, baba paroko, wachungaji na masheikh mliokaa safu moja hapo mbele, ndugu Edgar na vijana wako wa kamera mliotoka Dar es Salaam, wageni waalikwa, wazee wangu wa Mishamo mliokuja juu ya lori la mahindi na bado mnajikung'uta vumbi, na nyie watoto mliokaa sakafuni, ambao sherehe hii ni yenu hasa: nawasalimu wote. Kama kuna mkubwa nimemruka, naomba asininunie sasa hivi, aninunie baadaye, muda wa kununa upo.

Naitwa Vénérande. Wengi wenu jina hilo hamlijui, lakini sauti hii mnaijua, na mkono huu wa kulia mnaujua, ingawa hamjawahi kuuona ukiwa hauna nguo. Mimi ndiye Mama Maharage, yule kikaragosi wa gunia mwenye mdomo mpana, anayegombana na Kifuniko kutoka mwanzo wa kanda hadi mwisho. Leo tumekuja kuzindua filamu mpya ya familia ya hao wawili, baada ya miaka ambayo hawakuonekana popote, si kwenye vibanda vya video, si kwenye mabasi, si majumbani. Edgar ameniomba maneno machache ya kufungua. Kaniambia, "Mama, ongea kidogo tu, halafu tunazima taa." Edgar mwanangu, taa zingoje kwanza.

Watoto wanadhani Kifuniko na Mama Maharage walizaliwa kwenye televisheni. Hapana. Walizaliwa hapa Mpanda, sokoni. Wakati ule sisi wa Mishamo tulikuwa bado wakimbizi, na mtu hatoki makazini bila kibali. Mimi nililetwa Mishamo kutoka Burundi nikiwa mdogo mgongoni kwa mama, na mama alinilea kwa neno moja: ihorere, yaani nyamaza, tulia, tupite salama. Nikakua mtu wa kunyamaza. Nikipata kibali nakuja sokoni, natandika gunia langu la maharage, nauza, nafunga, naondoka, na siku nzima sijasema neno lisilohusu maharage.

Pembeni yangu kulikuwa na fundi cherehani, Mkonongo mmoja mrefu, bega moja limepanda juu kuliko lingine, jina lake Kassiani. Siku moja akasimamisha cherehani yake, akanitazama, akasema kwa sauti ya soko zima, "Mama, haya maharage yametembea kwa miguu kutoka Mishamo nini? Mbona yamechoka hivi?" Watu wakacheka. Mimi nikaanza kufunga gunia. Kwetu sisi, mwenyeji akikupigia kelele mbele za watu, unaondoka kabla hajafika mwenye sare. Nilishafika barabarani nikasikia mtu ananikimbilia. "Wewe mama! Unakwenda wapi? Mtani akikutukana, unajibu!"

Nikamwambia, "Baba, mimi hapa sina mtani."

Akasimama, akafikiri kidogo, akasema, "Basi kuanzia leo unaye."

Ndugu wageni waalikwa, nyie mliozaliwa mmezungukwa na watani, mnaelewa maana ya maneno hayo? Kabila lenu lina watani wake tangu enzi za mababu, wa kuwatania mkioa, mkizaa, mkizika. Sisi tulikuja na masufuria na watoto, watani hatukuja nao. Wazee wa Kikonongo walimuuliza Kassiani, "Utani huo umetoka wapi?" Akawajibu hana hata wasiwasi, "Babu yangu na babu yake waligombania kichwa cha samaki pale Kapalamsenga, ziwani." Babu yake hakuwahi kuliona ziwa. Babu yangu alifia Burundi. Lakini wazee wakacheka, wakaridhika, na mimi nikamgeukia Kassiani, nikampa tusi langu la kwanza: "Na wewe fundi, hiyo suruali ulijishonea mwenyewe au ulimshonea adui yako, akakurudishia?"

Alifurahi mtu yule! Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata akaja na kikaragosi, kichwa chake mfuniko wa sufuria, macho yake vifungo vya koti, na kingine cha gunia langu mwenyewe alilolikata bila ruhusa. Tukafunga shuka pale stesheni, kati ya nguzo mbili, tukaanza kutukanana kwa mikono. Treni ya Kaliua ikichelewa, abiria wananung'unika, sisi tunamshukuru Mungu. Baadaye zikaja kanda, zikaja sidii, tukasikika Tabora, tukasikika Sumbawanga, watu wakawa wananunua redio na kuuliza kama mle ndani Kifuniko yumo. Lakini mimi nawaambieni ukweli: hata pasingekuwa na mtazamaji mmoja, ningekuja. Nilikuwa nimepata mtu wa kunijibu.

Mwaka juzi Kassiani akafariki. Tulimzika hapa hapa Mpanda.

Sasa nyie watoto sikilizeni, maana hili mnaweza kukua bila kulijua. Mtani msibani ana kazi yake. Hakai na wanaolia. Anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa ili wapate pumzi, anazuia njia, na anachukua kitu cha marehemu anakiteka, mpaka ndugu wa marehemu waje wakikomboe. Wanakuja na kuku, au na karanga, au na pombe, lakini kwanza wanakuja na maneno. Wanagombana, wanatukanana, wanapatana. Hapo ndipo mnajua kwamba mtu amekufa lakini utani haukufa naye.

Nikaifanya kazi ile. Nilivaa koti lake, nikatembea kwa bega lake lile, nikawaambia waombolezaji kwamba marehemu amekufa makusudi ili asimalize suruali ya mchungaji. Walicheka huku wanalia, na mchungaji naye alicheka, yupo hapa, muulizeni. Kisha nikaingia ndani, nikamtoa Kifuniko kwenye msumari wake, nikamfunga kwenye khanga, nikatangaza mbele ya wote: "Huyu nimemteka. Wenyewe mkimtaka, njooni Mishamo!"

Nikarudi nyumbani kuwatayarishia matusi. Ndiyo, Mheshimiwa, usishangae. Nikipalilia nayatunga, nikipukuchua mahindi nayaongeza. Nilijua nitakavyoanza na mama Shukuru, mke wa marehemu, na nitakavyomalizia na Shukuru mwenyewe. Nikafagia uwanja. Nikaazima viti. Pikipiki ikikata kona pale kwetu nainua kichwa. Mvua ikanyesha, ikaisha, tukavuna, tukapanda tena. Hawakuja.

Ndipo akaja Edgar. Wengi mnamjua, ni mtoto wa hapa, alikuwa anakwepa shule kutuangalia pale stesheni. Sasa amekuwa mtu wa filamu, anataka kumfufua Kifuniko. Akaniomba nimpe. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu si wangu, ni mateka. Waambie wenyewe waje wamkomboe, halafu mchukue." Akaenda kwa mama Shukuru. Akarudi anatabasamu, amebeba habari njema. "Mama, wamesema usiwe na shaka. Wamesema baki naye tu. Ni zawadi."

Zawadi.

Kijana alidhani nitafurahi. Nilimkaribisha chai, nikamsindikiza, nikafunga mlango, nikalia kuliko nilivyolia msibani. Waheshimiwa, zawadi anapewa mgeni. Mtani hapewi, mtani ananyang'anya, ananyang'anywa, anafukuzwa na mwiko jikoni, anarudi kwa mlango wa nyuma. Nchi hii imenipa shamba, imenipa cheti cha uraia, na siku ile nilipokipokea nilikibusu, siwezi kuificha shukrani yangu. Lakini cheti hakikutanii. Aliyenitania ni mmoja, na watu wake walikuwa wameniambia, kwa upole kabisa, kwa huruma kabisa, kwamba tumemaliza.

Filamu ikaendelea. Edgar akashonesha Kifuniko mwingine, mzuri, mfuniko wake unang'aa. Akaniletea wataalamu na mazungumzo waliyoyaandika. Katika mazungumzo yale Kifuniko ananipokea mzigo, anasema, "Pole na kazi, Mama Maharage." Nikauliza, "Huyu ni nani?" Wakasema, "Ni Kifuniko, mama. Filamu ni ya familia, matusi hayafai." Jamani! Kuna familia gani duniani isiyotaniana? Na kama ipo, nani anataka kuiangalia? Nikatoa mkono wangu ndani ya Mama Maharage, nikamlaza mezani. Nikakaa hivyo mpaka yale maneno wakayachana.

Halafu likaja suala la sauti. Edgar, kwa nia njema, alizikusanya zile sidii za zamani, akampa mtu wa kompyuta, wakaitengeneza sauti ya Kassiani. Wakanivalisha vile vya masikioni. Ni yeye. Ni yeye kabisa, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema jambo baya. Ikanitukana, nikajibu. Nikamjibu vizuri, maana nilikuwa na akiba. Haikungoja nimalize. Ikaendelea na tusi lingine, lile lile la mwaka ule, kwa mtu ambaye hayupo tena, mwanamke mwenye gunia ambaye alikuwa bado kijana. Nikavivua, nikamwambia Edgar, "Mwache apumzike."

Ndiyo tukampata Masunga, huyu hapa, kijana wa Kisukuma, mwenye kibanda cha simu. Ana sauti, ana akili. Tatizo lake ni malezi mazuri. Kila akinitukana anaongeza, "Samahani, mama." Tumesumbuka naye! Lakini amejifunza, mtamsikia wenyewe, hata mimi kuna mahali amenichoma kweli. Nampongeza mbele yenu kwa moyo wangu wote. Isipokuwa kamera ikizimwa, Masunga anarudi kuwa mtoto wa watu: "Shikamoo mama, kaa hapa mama, nikuletee maji mama?" Nyie wote mko hivyo kwangu sasa. Njiani mnanipisha. Dukani mnanitanguliza. Nimekuwa mtu wa kuheshimiwa, na sikuwahi kujua kama heshima inaweza kumweka mtu peke yake namna hii. Nakaa jioni mlangoni kwangu, watu wanapita, wananiamkia, wanapita. Hakuna anayesimama kuniuliza kwa nini sura yangu iko hivi.

Na Kifuniko wa kwanza? Huyu hapa, nimekuja naye. Watoto, msisukumane, mnamwona. Tangu siku ya mazishi sijaingiza mkono wangu ndani yake hata mara moja. Naogopa. Nikimvaa huku, na Mama Maharage nikamvaa huku, nitaanza kujijibu mwenyewe, na nikianza hivyo sijui nitaacha lini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba radhi kwa ninalotaka kulifanya, maana halipo kwenye ratiba. Edgar, acha kuinama inama nyuma ya mashine yako kutafuta waya wa umeme. Ninao kwenye mkoba. Filamu hii haiwaki. Mtani anazuia njia, na mimi nimezuia.

Mama Shukuru. Paskalia. Nakuona hapo karibu na dirisha, na binti yako Shukuru pembeni. Mtani hatakiwi kubembeleza, anatakiwa kungoja afuatwe, lakini mimi nimengoja, na nimechoka kungoja, na miguu ya kuzeeka haijui adabu. Nilimteka Kifuniko wenu mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Mlinihurumia mkaniachia. Mliona mwanamke mpweke aliyefiwa na rafiki, mkasema tusimsumbue. Nisumbueni! Nani aliwaambia hamtakiwi kunisumbua? Mimi si mgeni wenu, sitaki zawadi yenu, namtaka mwenye mali aje agombe. Au ule utani ulikuwa wa Kassiani peke yake, na mlimzika nao? Kama ni hivyo, semeni hapa, mbele za watu, nami nitauweka waya huu mezani, nitakaa chini, sitauliza tena.

Nangoja.

Mnaona? Kimya. Baba paroko, usisimame, sihitaji kuombewa. Paskalia, usinitazame kwa macho hayo ya pole, yamenitosha...

Nani huyo? Nani amesema? Tulieni, tulieni watoto, hebu nisikie. Paskalia, simama, sema tena, wale wa nyuma hawakusikia. Ngoja niwaambie mimi. Anasema hili gauni langu la sherehe ni pazia nililolishusha kwa watu, na kuna dirisha mahali fulani hivi sasa liko uchi. Mmesikia maneno hayo? Na anasema ana jogoo mmoja tu, kilema, na hata huyo akiambiwa anatolewa kwa ajili yangu atakataa kupanda baiskeli!

Jogoo kilema! Kwa kumkomboa Kifuniko!

Nipeni dakika moja, macho yananisumbua.

Sikubali, Paskalia. Jogoo kilema mpikie mkwe wako akija. Mimi nataka mzima, na mtetea wake, na uwalete mwenyewe Mishamo, na Shukuru aje, mje asubuhi mshinde, maana maneno niliyowawekea ni mengi na mengine yameanza kuota ukungu. Mpaka siku hiyo mateka anabaki kwangu. Shika waya wako, Edgar, zima taa, waonyeshe watoto filamu yao. Mheshimiwa, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe, Paskalia, asante kwa kunijibu.